Shafti Ikichomoka Uani: Kazi ya Shokapu katika Vumbi la Dodoma

Shafti inayochomoka katikati ya kazi ya shokapu, mara nyingi, haijaharibika. Imetoka tu mahali pake. Kinachoiharibu ni saa mbili tatu zinazofuata: nyundo inayotumika kuirudisha kwa nguvu, mchanga unaoingia kwenye grisi ikiwa imelazwa chini, mpira wa jointi unaofungwa kwa waya badala ya bendi, au injini inayowashwa ili "kujaribu kama gari litaenda". Dodoma na miji mingine ya uwanda wa kati inazidi kuwa na wenye magari wanaofungua miguu ya gari wenyewe, uani kwao, na wengi wao wakipatwa na jambo hili huenda kununua shafti nyingine iliyotumika, ambayo mara nyingi ni mbovu kuliko ile waliyoitupa. Hasara hiyo inaepukika kabisa, na ndiyo maana nataka tuifungue jointi hii yote, tuone ilivyo, inavyotoka na inavyorudi.

Kwanza, kwa nini Dodoma. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko kwa vitendo, baada ya uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973, maelfu ya watumishi walifika na magari yao. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu 760,000 katika jiji hilo. Viwanja vilipimwa kwa kasi kuliko lami ilivyoweza kuvifuata, na leo mtu anaishi Nkuhungu, Iyumbu, Nzuguni au Ihumwa, anafanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, na kipande cha kwanza na cha mwisho cha safari yake ya kila siku ni barabara ya vumbi yenye makorongo na mabonde. Gari analoendesha lilitengenezwa kwa ajili ya mitaa ya Japani: IST, Vitz, Raum, Spacio. Bushi za mikono ya chini hupasuka, stabilaiza linki hugonga, shokapu huvuja. Kazi hizi hujirudia, kila mara zina gharama, na zinaonekana nyepesi kwa macho. Bolti mbili chini, nati tatu juu, shokapu imetoka. Ndipo mtu mwenye spana zake na jeki anaamua kufanya mwenyewe, na haki anayo.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele hupokea nguvu ya injini kupitia shafti mbili zinazotoka kwenye giaboksi, moja kwa kila upande. Kila shafti ina jointi mbili. Ya nje, iliyo karibu na gurudumu, ndiyo mafundi wetu huiita sivi jointi bila kuongeza neno. Ndani yake kuna mipira sita ya chuma inayotembea kwenye mifereji iliyopinda, na kazi yake ni kukubali pembe kubwa dereva anapokata usukani. Aliyeibuni ni Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, mwaka 1926. Kabla yake kulikuwa na jointi ya msalaba, inayobeba jina la Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17, ile ile tunayoiona mpaka leo kwenye propela shafti za malori na za Noah za zamani aina ya SR40. Msalaba ni imara, lakini ukikunjwa mwendo wa upande wa pili hupanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye magurudumu yanayoendesha na kukata kona kwa pamoja, mtikisiko huo ungefika moja kwa moja kwenye mikono ya dereva. Gari dogo la Mini la 1959 lilionyesha kwamba jointi ya mipira inaweza kubeba gari la bei nafuu, na Corolla nyingi zilipogeukia magurudumu ya mbele mwaka 1983, teknolojia hiyo ilikuwa njiani kuja kwetu.

Jointi ya ndani, upande wa giaboksi, ni kitu tofauti, na ndiyo yenye kesi hii. Kwenye ncha ya shafti kuna kichwa chenye mikono mitatu, tripodi, na kila mkono umevaa rola inayozunguka juu ya beringi nyembamba za sindano. Kichwa hiki kinakaa ndani ya kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu iliyonyooka. Mifereji haikupinda kwa sababu maalumu: gurudumu linapopanda na kushuka, umbali kati yake na giaboksi hubadilika, kwa hiyo shafti lazima iweze kurefuka na kufupika. Tripodi inateleza ndani na nje ya kikombe kwa sentimita chache, siku nzima, kila shimo, kila tuta. Kwenye magari mengi hakuna kinachoizuia isitoke kabisa isipokuwa vipimo vya miguu ya gari vyenyewe. Maadamu mkono wa chini na shokapu vimefungwa, gurudumu haliwezi kwenda mbali kiasi cha kuitoa. Baadhi ya aina zina waya wa duara kwenye mdomo wa kikombe kama kizuizi, lakini gari lililokwisha kubadilishwa mpira unaofunika jointi mara mbili tatu huenda waya huo haukurudishwa.

Kwa maneno mengine, anayefungua shokapu anaondoa kitu pekee kilichokuwa kinaizuia tripodi isitoke, na hakuna mtu aliyemwambia.

Angalia inavyotokea. Gari liko juu, gurudumu limetolewa. Bolti mbili kubwa zinazounganisha shokapu na kile chuma kizito kinachobeba habu na diski ya breki zimelegezwa. Ya pili inapotoka, chuma kile kinapoteza mshikio wake wa juu na kuinama nje kwa uzito wake wote. Kilichobaki kukishika ni boli jointi ya chini, tairodi na shafti. Shafti inavutwa, tripodi inateleza mpaka mdomoni mwa kikombe, na inatoka kama droo iliyovutwa kupita kiasi. Sauti ni ndogo, mgongano mmoja hafifu, na kwa kuwa mpira umefunika kila kitu, mtu anaweza kuendelea na kazi hadi mwisho bila kujua. Anajua anapofunga kila kitu, anaweka gia, na gari halisogei.

Hatari ni kubwa zaidi kwenye kazi ya bushi au boli jointi ya chini, kwa kuwa hapo gurudumu lote linaning'inia kwenye shokapu na linaweza kuvutwa nje kwa mkono mmoja. Na wenye magari wetu hulivuta kweli, kwani bolti zimeganda. Magari mengi yanayotufikia yaliishi miaka kumi na zaidi Japani, na yale ya mikoa ya kaskazini yalipita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu ya Hokkaido inakutana na jua la Dodoma. Mtu anapiga nyundo, anaweka mtaimbo, anavuta, na kitu kinachotoka kwanza ndicho kile ambacho hakikuwa kimefungwa.

Kuna pia suala la kuinua gari. Ni desturi iliyoenea kuweka vipande vya mpira au chuma kwenye springi au juu ya shokapu ili IST ipite kwenye makorongo bila kugusa tumbo. Naelewa haja yake. Anayeishi mwisho wa barabara ya Mkonze hawezi kungoja lami. Lakini kila sentimita ya kuinua inaongeza pembe ya jointi zote mbili na kuisogeza tripodi karibu zaidi na mdomo wa kikombe. Gari lililoinuliwa sana linapowekwa kwenye jeki na magurudumu kuning'inia, shafti inaweza kuwa ukingoni kabla hata spana ya kwanza haijaguswa.

Kinga ya haya yote ni rahisi. Kabla ya kutoa bolti ya pili ya shokapu, funga kile chuma cha habu kwa waya mzito kwenye springi au mahali pengine imara, kisiiname nje. Shafti nayo ifungwe ikae sawa, isining'inie. Kazi ikiwa ya mkono wa chini, njia bora zaidi ni kulegeza nati kubwa ya katikati ya habu mapema, gurudumu likiwa bado chini na breki imekanyagwa, ili baadaye shafti isukumwe ndani badala ya kuvutwa nje. Nati hiyo kwenye Vitz na IST imegongwa ukingo wake uingie kwenye mfereji wa shafti. Ukingo huo unyanyuliwe kwanza kwa patasi nyembamba, vinginevyo utakula uzi wa shafti yenyewe. Kwenye Carina na Corolla za zamani kuna kofia na pini. Ikishalegezwa, gari lisisukumwe, maana nati hiyo ndiyo inayobana beringi ya gurudumu.

Tuseme imeshatoka. Kabla ya kugusa chochote, jiulize imetoka wapi, kwa kuwa shafti ina mahali patatu pa kuachana, na kila pahala pana tiba yake. Zungusha habu kwa mkono. Ikiwa shafti inazunguka lakini kikombe kilichoingia giaboksi kimesimama, na mpira wa ndani umenyooka au umejikunja kama kitambaa, tripodi iko nje ya kikombe. Ikiwa oili nyekundu au ya kahawia inatiririka pembeni mwa giaboksi, kikombe chote kimechomoka kutoka kwenye difu. Na ikiwa nyundo ilitumika sana kwenye ncha ya nje, sivi jointi yenyewe inaweza kuwa imeruka kutoka kwenye meno ya shafti, kwa sababu inashikwa na seklipu ndogo tu iliyofichwa ndani.

Kesi ya giaboksi ndiyo inayotisha kwa macho kwa sababu ya oili, lakini mara nyingi ni ya dakika chache. Kikombe kinashikwa na pete ya waya kwenye ncha yake. Kinarudishwa kikiwa kimenyooka, bila kukwaruza sili ya oili, kinasukumwa mpaka pete iingie kwenye mfereji wake, kisha kinajaribiwa kwa kuvutwa kwa mkono, kikija, hakijafunga. Sili ikiwa imekatwa ibadilishwe hapo hapo, na oili ipimwe na kujazwa ya aina yake. Gari la CVT haliwekewi oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, hata kama dukani wanasema zote ni moja.

Kesi ya tripodi ndiyo ya kila siku, na hapo wenye ujuzi wamegawanyika. Upande mmoja unasema usifungue mpira. Ushike kwa nje, upapase zile rola tatu, uzilinganishe na mifereji ya kikombe, kisha usukume shafti ndani mpaka isikike ikiingia. Inafanya kazi. Nimeona ikifanywa kwa dakika tano na gari likaondoka. Kwenye mpira mpya, gari la miaka michache, mahali pasafi, na kama shafti imetoka polepole bila kupigwa, sina ubishi mkubwa na njia hiyo.

Kwa magari yetu na udongo wetu, naipinga. Sababu ya kwanza ni kwamba rola haziko salama nje ya kikombe. Kwa baadhi ya aina zinashikwa juu ya mikono yake. Kwa nyingine kikombe ndicho kilichokuwa kinazizuia zisianguke, na ikitoka rola moja inaweza kudondoka ndani ya mpira na kumwaga sindano zake kwenye grisi. Aliye nje ya mpira hawezi kujua. Anasukuma, inaingia, na ndani kuna sindano iliyolala mferejini inayosubiri kusagwa. Sababu ya pili ni vumbi. Mvua ya Dodoma ni kidogo, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na udongo mwekundu ulio laini kama unga. Mipira ya jointi hukauka na kupasuka kwenye mikunjo, na ufa mdogo usioonekana mpira ukiwa umejikunja hufunguka wazi unapovutwa. Shafti iliyochomoka imeuvuta mpira ule kuliko ulivyowahi kuvutwa tangu utoke kiwandani. Usipoufungua, umefunga mchanga ndani ya jointi nzima kwa mikono yako. Kuchomoka kwenyewe ni nafasi ya kuona ndani, na nafasi hiyo haipaswi kupotezwa.

Kwa hiyo: fungua. Kata bendi kubwa ya upande wa kikombe na bendi ndogo ya upande wa shafti, rudisha mpira nyuma. Kama unalazimika kuitoa shafti yote, itandikie turubai au gunia safi, isiguse ardhi. Weka alama kwa rangi kwenye kikombe, tripodi na shafti ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Alama za kupigwa kwa patasi zisitumike, maana zinadhuru chuma kilichokazwa. Zungushia tripodi mkanda au tambara mara moja, rola zisitoke.

Kisha isome grisi. Chukua kidogo, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa laini, jointi ilikuwa inaishi vizuri. Ukisikia chembe, mchanga uliingia zamani. Ikiwa na rangi ya kijivu inayometa, ni chuma kinachosagika. Pitisha ukucha ndani ya mifereji ya kikombe: ukikwama kwenye kingo au mabonde madogo, mifereji imeliwa. Rola iwe laini, bila vishimo, bila rangi ya bluu ya joto, na izunguke bila kukwama. Hapo tu ndipo mtu anaweza kutoa hukumu kuhusu shafti yake. Nasisitiza hili kwa kuwa watu wengi hutoa hukumu wakiwa bado wamesimama nje ya mpira.

Ikiwa chuma ni kizima, safisha yote kwa mafuta ya taa au dizeli, kamwe si petroli, hasa karibu na mtu anayevuta sigara au jiko la mkaa, na ikaushwe kabisa, maana mafuta yanayobaki yanayeyusha grisi mpya. Kama tripodi ilitolewa kwenye shafti, irudi ikitazama upande ule ule ilikotoka, na seklipu yake iwe mpya. Seklipu ya zamani iliyopanuliwa kwa bisibisi hailingani tena na mfereji wake. Ni kitu kidogo cha bei ndogo kinachobeba uzito wa kazi yote.

Mpira uwe mpya, na grisi iwe ile inayokuja nayo kwenye pakiti, kwa kawaida kati ya gramu 100 na 200 kutegemea gari. Jointi ya ndani na ya nje kwa magari mengi hutumia grisi tofauti, na ile ya kopo ya kupaka bushi na beringi za pikipiki haifai kwa yoyote kati ya hizo. Grisi igawanywe: nyingine ndani ya kikombe, nyingine ndani ya mpira. Linganisha alama, ingiza tripodi kwa mkono. Isipoingia, rola haijanyooka, inyooshe. Mahali hapa hapahitaji nyundo hata mara moja.

Halafu bendi, sehemu ambayo kazi nyingi nzuri za Dodoma hufia. Kabla ya kukaza bendi ndogo, weka jointi katika urefu wake wa kawaida, ingiza kijiti chembamba chini ya mdomo wa mpira, hewa itoke au iingie, kisha ukitoe. Bila hivyo mpira unavimba au unanywea, na mkunjo mmoja utasugua mwenziwe mpaka upasuke. Bendi yenyewe iwe ya chuma, iliyokazwa kwa kifaa chake. Waya wa kufungia nondo unakata mpira. Kebo tai ya plastiki haivumilii joto la jirani ya giaboksi na inalegea. Mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao tunaufungia kila kitu katika nchi hii, unashika kwa wiki chache kisha unaruhusu grisi itoke na vumbi liingie, na mwenye gari haoni kitu mpaka gari lianze kutetemeka.

Kuna jambo la usalama ambalo halisemwi vya kutosha. Gari la otomatiki lenye shafti moja iliyochomoka halishikwi na "P". Kufuli ya P inafunga giaboksi, lakini difu inaruhusu upande wa pili uzunguke pale upande mmoja unapokosa mshikio. Gari litateremka lenyewe kwenye mteremko mdogo kabisa. Hali hiyo hiyo ipo hata shafti zikiwa nzima, gurudumu moja la mbele likiwa juu ya jeki. Breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe makubwa mbele na nyuma, na gari liketi juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake, tofali, au rimu iliyolazwa chini havitoshi kwa mtu aliyeingiza kichwa chini ya gari, hasa anayevuta bolti iliyoganda kwa nguvu zake zote. Kazi hii ifanywe mahali tambarare, pagumu, na kuwe na mtu wa pili karibu. Sioni nafasi ya mjadala hapo.

Sasa soko. Fundi anapoangalia shafti iliyotoka na kusema, "Bosi, hii nunua nyingine tu," mara nyingi hasemi uongo kwa mtazamo wa kazi yake. Analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Kuosha, kukagua, kutafuta mpira sahihi na bendi sahihi ni nusu siku. Kubadilisha shafti nzima ni saa moja. Mpira mmoja ukikosekana madukani unaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na gari linakaa gerejini likiziba nafasi. Mfumo wa malipo ndio unaomsukuma kwenye shafti ya mtumba. Anayetaka jointi yake mwenyewe irudishwe vizuri akubaliane tangu mwanzo kulipia muda huo, na anunue mpira kabla gari halijafunguliwa.

Shafti iliyotumika ina mitego yake. Kushoto na kulia hutofautiana urefu. IST ya kizazi cha kwanza ya injini ya 1.3 ni NCP60 na ya 1.5 ni NCP61. Vitz ya kizazi cha kwanza ya lita moja ni SCP10. Na namba ya chesisi ndiyo inayotakiwa kuongoza ununuzi, si jina la gari. Hesabu meno ya ncha zote mbili. Linganisha urefu. Angalia kama jointi ya nje ina ile pete yenye meno inayosomwa na ABS, kwani shafti isiyo nayo itaingia vizuri na kuwasha taa ya ABS siku hiyo hiyo. Muhimu kuliko yote, shafti hiyo nayo imefungwa kwenye mpira wake wa zamani, na hujui grisi yake ikoje. Ukiinunua bila kuifungua umebadilisha jointi uliyoijua kwa jointi usiyoijua. Shafti mpya za bei rahisi zinaweza kufaa, lakini ubora wake hupishana sana, na nikipewa kuchagua kati ya shafti ya Toyota ya awali yenye chuma kizima na mpira mpya, na shafti mpya isiyo na jina, nachukua ya kwanza bila kusita.

Ulaya biashara ya kurudisha shafti kuukuu, kulipwa amana yake na kuzikarabati imejengeka kwa miaka mingi. Sisi tuna mafundi wa Gerezani Dar es Salaam, Waganda wana soko la vipuri la Kisekka Kampala, na mikono inayoweza kukarabati jointi imejaa huko kote. Kinachokosekana ni mtu wa kuifanya iwe kazi inayotambulika, yenye bei yake na dhamana yake. Dodoma ingefaa kwa hilo. Jiji lina chuo cha ufundi cha VETA, na VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani, chini ya mpango wa urasimishaji ujuzi. Fundi mwenye cheti hicho, benchi safi lililofunikwa, kifaa cha kukazia bendi na akiba ya mipira ya magari kumi yanayopita zaidi mjini angekuwa na kazi mwaka mzima. Naona ajabu kwamba tunayo maduka mengi ya kuuza shafti kuliko meza za kuzifungua.

Vipi kuhusu mwenye gari mwenyewe? Kurudisha tripodi ni kazi inayowezekana kwa mtu mvumilivu mwenye spana za saizi sahihi. Kukaza nati ya habu ni jambo jingine: kwa magari mengi madogo ya Toyota inahitaji zaidi ya nyutoni mita 200, na bomba refu lililowekwa kwenye spana halikuambii umefikia wapi. Kazi hiyo na alaimenti viende kwa mwenye vifaa. Bolti za bushi za mkono wa chini nazo zikazwe kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unabaki umejipinda kila gari linapotembea na unapasuka mapema.

Baada ya kufunga, jaribio ni la namna mbili. Mahali wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia kisha kushoto: mlio wa tak-tak-tak unatoka kwenye jointi ya nje. Kisha nenda kwenye lami iliyonyooka, ongeza mwendo kwa nguvu: gari likitetemeka kiunoni unapokanyaga mafuta na kutulia unapoachia, tatizo liko kwenye tripodi, na lifunguliwe tena kabla halijala kikombe. Likipita majaribio yote mawili, lipeleke kwenye barabara yake ya kawaida ya vumbi kwa siku chache, kisha uinamie na tochi. Tazama upande wa ndani wa rimu na chuma kilicho mkabala na kila bendi. Grisi ikiwa imerushwa hapo kwa mstari, bendi haijabana, na bado kuna muda wa kuikaza kabla vumbi halijaingia.